Mota ya kioo inasingiziwa, tulipeni tupime

Mhariri,

Salaam. Naomba nafasi kidogo gazetini kwako. Najua barua nyingi za wasomaji ni za barabara mbovu, maji na mikopo ya kwenye simu, na mi sina ubishi na hayo, ila mvua zimeanza na kila zikianza gereji tunapokea magari yamebandikwa nailoni kwa tepu pale kioo kilipogoma kupanda, kwaiyo nimeona bora niandike saivi kabla watu hawajamwaga hela zaidi.

Mi ni fundi umeme wa magari hapa Dar, naona sana hizi Toyota za watu wa kawaida, IST, Vitz, Premio, Noah. Kinachonikera ni kwamba watu wanakuja na mota ya kioo mkononi washainunua. Kioo kimegoma, mtu kaongea na jirani, jirani kamwambia hiyo mota imekufa hiyo, kaenda Gerezani au Ilala kanunua ya mtumba, alafu ndo anatafuta fundi wa kufunga tu. Na fundi, kwa kuwa kaletewa mota, anafunga mota. Hakuna aliyepima chochote kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Na mota nyingi ninazozitoa humo milangoni nikiziweka kwenye betri mezani zinazunguka vizuri tu.

Kuna mama mmoja alikuja na IST, kioo cha abiria wa mbele kilikuwa hakishuki, gereji fulani wakambadilishia mota, kioo kikagoma vilevile, wakamwambia na hiyo uliyoleta mbovu, lete ingine. Akaleta ingine. Kikagoma. Alipofika kwangu nikakaa kiti cha dereva nikaangalia zile swichi za mlangoni, kile kitufe cha kufunga vioo vya abiria kilikuwa kimebonyezwa. Nikakitoa, kioo kikashuka. Mama aliniangalia, hakucheka wala hakununa, akauliza tu "Sasa fundi, hela yangu nani anairudisha?" Sikuwa na jibu la kumpa. (Kitufe chenyewe msikichukie lakini, ukibeba watoto kiache kimebonyezwa, maana vioo vingi vya abiria kwenye gari zetu hizi havina akili ya kurudi chini vikikutana na mkono au shingo ya mtoto, vinabana tu.)

Sasa kabla hujatoa hela hata shilingi, kuna vitu unaweza kujua mwenyewe umekaa kwenye kiti. Cha kwanza vimegoma vioo vingapi? Vikigoma vyote kwa pamoja achana na habari ya mota, mota nne haziwezi kufa siku moja, hapo tafuta fyuzi au rilei (swichi inayowashwa na umeme) au waya unaoingia kwenye swichi kubwa ya dereva. Kikigoma kimoja, jaribu kwa swichi ya dereva alafu jaribu kwa swichi ya mlango wenyewe. Kikikubali kwa moja kikakataa kwa nyingine basi mota ni nzima, tatizo liko kwenye swichi iliyokataa au waya zake, au ni kile kitufe cha kufunga vioo kimebonyezwa. Watu hawaamini jambo jepesi hivi, wanataka waone mlango umefunguliwa ndo waridhike kuwa kazi imefanyika.

Cha pili ni taa ya darini, hii huwa naipenda sana. Injini izimwe, swichi ya gari iwe on, washa taa ya ndani ukiwa sehemu yenye kivuli, bonyeza swichi ya kioo huku unaitazama taa. Ikififia kidogo ujue umeme unafika kwenye mota na mota inahangaika, imekwama yenyewe au kioo ndo kimekwama kwenye raba. Isipofifia hata chembe basi umeme haupiti mahali, inaweza ikawa swichi, inaweza ikawa waya umekatika, inaweza ikawa kaboni za ndani ya mota (vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) zimeisha. Umeshagawa matatizo mafungu mawili na hujatoa hata skrubu moja.

Cha tatu ni masikio. Ukibonyeza ukasikia mota inalia ndani ya mlango lakini kioo kimetulia au kimedondoka chini chenyewe, mara nyingi mota haina kosa, ni kebo ya regyuleta (kile kifaa cha ndani ya mlango kinachopandisha na kushusha kioo) imekatika au ile plastiki inayoshika kioo imevunjika. Ukisikia "tk" moja tu alafu kimya, mara nyingi mota imepata umeme ikashindwa kusogea. Na kioo kinachopanda kwa kuburuza, kinasimama katikati mpaka ukisaidie kwa mkono, hicho kabla ya kitu chochote safisha raba zake za pembeni. Vumbi letu likichanganyika na jua raba zinakuwa kavu zinang'ang'ania kioo na mota inabeba mzigo usio wake. Zifute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, zikikauka pulizia silikoni ya kopo. Usipake grisi wala oili ya injini, nawaomba, oili inalainisha raba inavimba na inakusanya vumbi jipya, miezi michache mbele uko palepale.

Halafu kuna kinga ya joto. Ndani ya mota nyingi za vioo kuna kikinga kinachokata umeme mota ikipata moto sana, sasa mtu kioo kimekuwa kizito yeye anang'ang'ania swichi, anabonyeza anaachia anabonyeza, ghafla kimya kabisa, anatangaza mota imeungua. Iache ipoe kwa dakika kadhaa ujaribu tena. Imefufuka? Basi tatizo ni uzito, rudi kwenye raba.

Hivyo vyote ni bure. Kipimo chenyewe cha fundi kinakuja baada ya kutoa kava la mlango na kufikia soketi ya mota. Mota ya kawaida ina waya mbili tu, ukibonyeza kushusha waya mmoja unapata chanya na mwingine hasi, ukivuta kupandisha vinabadilishana, ndo maana inazunguka pande zote mbili. Kwaiyo unachomoa soketi, unaweka balbu kati ya zile waya mbili, mtu anabonyeza swichi. Balbu ikiwaka vizuri kushusha na kupandisha, umeme upo, na kama kioo hakijakwama mota ndo mbovu, nunua sasa kwa amani. Isipowaka, au ikiwaka upande mmoja tu, mota unaisingizia. Na nasema balbu makusudi, sio mita ya dijitali. Swichi ikiungua kontakti zake (vile vibati vinavyogusana kupitisha umeme) mita bado itakuonyesha volti 12 kwa sababu mita yenyewe haili umeme wa maana, balbu ya indiketa ya wati 21 inakula karibu ampea 2, kontakti mbovu ikibebeshwa mzigo huo balbu inafifia mbele ya macho yako. Nimeona vijana wana mita za bei kubwa wanadanganywa na mita hizohizo.

Mahali ambapo umeme unapotea mara nyingi zaidi ni pawili. Pa kwanza ni hiyo swichi kubwa ya dereva. Ifungue taratibu, utakuta vile vibati vidogo vya shaba vimekuwa vyeusi, pembeni kuna unga mweusi, na kwenye gari za watu wanaokula safarini kuna soda imekauka inanata. Msasa laini kabisa, au kifutio kigumu cha wino kile cha shule, na spirit kidogo, unasugua mpaka shaba ionekane, unarudisha. Kazi ya nusu saa ukiwa na haraka. Pa pili ni lile buti la raba linalopitisha waya kati ya mlango na bodi ya gari, pale kwenye bawaba, waya zinakunjwa na kukunjuliwa kila mlango unapofunguliwa, na mlango wa dereva ndo unafunguliwa kuliko yote. Waya unakatika ndani ya ngozi yake, kwa nje unaonekana mzima. Dalili yake kioo kinafanya kazi mlango ukiwa wazi, ukiufunga hakifanyi, au kinyume chake. Ukiuvuta waya wenyewe unarefuka kama mpira, hapo ujue shaba ndani haipo. Na usiuunge kwa kusokota ukapiga tepu, utakatika palepale tena, toa kipande weka kingine kirefu kidogo, unganisha kwa risasi, na maungio yakae nje ya buti pasipokunjika.

Haya, tuseme umepima na mota kweli imekufa, maana zinakufa, sikatai. Ukiifungua unakuta kaboni zimelika zimebaki vipande vifupi, unga wake mweusi umejaa kila pembe, au gia ya plastiki meno ya upande mmoja yamelika na grisi imekuwa ngumu ya njano, au maji yameingia na sumaku zimeota kutu. Dalili mojawapo ya kaboni ni kwamba ukigonga mlango kwa ngumi karibu na mota huku umebonyeza swichi inashtuka inafanya kazi siku hiyo, kesho imegoma. Hiyo badilisha.

Kubadilisha kwenyewe sio miujiza. Kioo ukiweza kipandishe juu kabisa alafu kikamate kwa tepu ile ya karatasi ya mafundi rangi, ipite juu ya fremu ya mlango ndani na nje, vipande viwili vitatu, usibanie tepu, kioo kikidondoka ndani ya mlango na spana yako ipo chini hutapata cha kuokota zaidi ya vipande. Toa waya hasi wa betri, na kama gari ina mifuko ya hewa (airbag) ya pembeni subiri kidogo kabla ya kugusa mlango, kuna gari zina sensa yake humohumo. Skrubu za kava zimejificha, moja mara nyingi iko nyuma ya kitasa cha ndani na nyingine ndani ya kishikio cha kuvutia mlango, watu wanavuta kava kabla ya kuzitoa ndo maana unakuta IST nyingi kishikio kimepasuka. Baada ya hapo ni klipu za kuzunguka, unazing'oa kwa kitu bapa cha plastiki, kava unalinyanyua juu ndo litoke, unachomoa soketi ya swichi na kamba ya kitasa. Ndani huko boliti nyingi zinafunguliwa kwa spana ya soketi namba 10.

Hapa naomba vijana wanisikilize vizuri. Regyuleta zipo za kebo na zipo za mkasi. Ya mkasi ina springi kubwa iliyojikunja ambayo kazi yake ni kuisaidia mota kunyanyua kioo. Kinachoizuia isijikunjue ni gia ya mota yenyewe. Ukishaitoa nje ya mlango, hakuna kioo cha kuilemea, ukafungua zile skrubu za mota kichwakichwa, mkono wa mkasi unaruka na meno ya ile gia kubwa yanapita palepale vidole vyako vilipo. Vidole vimeumia hivi. Kabla ya kugusa skrubu hata moja ya mota pitisha boliti kwenye gia na bati lake ili isizunguke, au ibane kwenye jiriwa.

Kuhusu kuchagua mota yenyewe, ya kulia haikai kushoto, zinafanana kwa kuangalia lakini zimegeuzwa, na usiende dukani na maneno "nataka mota ya kioo ya Premio", nenda na ile ya zamani mkononi. Hesabu waya. Mota ya mlango wa dereva kwenye gari yenye kioo cha kupanda chenyewe kwa mguso mmoja ina waya za ziada za sensa inayohesabu mizunguko, ukiifungia ya waya mbili au ukaanza kuunga unga haitaelewana na swichi yako. Na ukishafunga ya namna hiyo, au hata ukitoa betri tu, kioo kinaweza kukataa kupanda chenyewe, kinapanda kwa kushikilia swichi muda wote, au kinafika juu kinarudi. Usirudishe mota dukani! Washa swichi ya gari, vuta swichi ya kioo mpaka kifunge kabisa na uendelee kuishikilia sekunde kadhaa, Toyota nyingi hapo kinajifunza upya mwisho wake uko wapi. Nimeshawahi kupokea mota nzima iliyopelekwa na kurudishwa dukani kwa sababu ya sekunde hizo chache.

Jambo lingine ambalo linanikera kuliko hata mota ni ile nailoni. Nyuma ya kava la mlango kuna karatasi ya nailoni imebandikwa kwa gundi nyeusi isiyokauka. Mafundi wengi wanaichana wanaitupa, wanasema takataka ya kiwandani. Jamani. Mlango wa gari umetengenezwa maji yaingie, mvua inateremka na kioo inaingia ndani ya mlango inatokea kwenye matundu ya chini, na hiyo nailoni ndo inayozuia maji yasivuke kuja upande wa kava na kapeti. Ikitupwa, mvua ya kwanza sakafu inalowa, baada ya wiki gari inanuka, mwenye gari anahangaika na fundi AC, mwingine anaambiwa dari linavuja, kumbe chanzo ni mota iliyobadilishwa mwezi uliopita. Ikate gundi kwa kisu taratibu, ikunje, irudishe. Ishachanika? Kata ingine kwenye ile nailoni nzito ya ujenzi, kitu muhimu mwisho wake wa chini uingie ndani ya mlango, usiachwe ukining'inia nje kuelekea kwenye kapeti, maji yafuate njia ya kurudi kwenye matundu. Na hayo matundu yazibue kwa waya mwembamba ukiwa humohumo, milango inaoza kuanzia chini kwa sababu yake.

Sasa Mhariri, mtu atauliza kama kupima ni rahisi hivi kwanini mafundi hawapimi. Nitasema ukweli hata kama wenzangu watanuna. Kupima hakulipwi. Mteja nikimbadilishia mota analipa hela ya ufundi bila kelele kwa sababu kaona kitu kimetoka na kitu kimeingia. Nikikaa nikapima, nikagundua ni waya kwenye buti, nikauunga, nikimtajia bei ananiambia "Fundi si umeunga waya tu?" Wengine wanatoa elfu tano wanasema nunua soda. Sasa kijana ana kodi ya fremu na familia, unategemea achague njia gani? Anachagua mota. Na mwenye gari anajiona kapunjwa na fundi, wakati yeye mwenyewe ndo alikataa kulipia ile nusu saa ya balbu ambayo ingemwokolea bei ya mota nzima. Hospitali tunalipia vipimo kabla hatujaona kidonge na hakuna anayeuliza si umechukua damu tu.

Ninachoomba kwa wenye magari ni kwamba mkifika gereji msiseme "nibadilishie mota", semeni kioo kinafanya nini, kimegoma lini, kiligoma ghafla au kilianza kuwa kizito, mlango uliwahi kugongwa au kuchomelewa au hapana, na kubaliana bei ya kupima peke yake kabla hajafungua kava. Fundi akikwambia hapimi, anafunga tu, huyo ni mfungaji, mpe kazi ya kufunga siku ukiwa na uhakika unataka kufunga nini.

Na kwa wenzetu wenye maduka ya spea za mtumba, hii nawaomba kwa heshima maana wote tunategemeana. Wekeni betri moja chini ya meza na waya mbili zenye vibano. Mota hizi zimekatwa kwenye magari Japani, zimekaa kwenye kontena, zingine zimeshinda kwenye unyevu, hakuna anayejua nzima ni ipi kwa kuitazama. Mteja aione inazunguka, mgeuze waya aione inazunguka kinyume, iachwe kidogo isikilizwe kama inakwaruza, ndo alipe. Ukiishika gia yake kwa vidole haitakiwi kuzunguka kirahisi, na ikizunguka kwa umeme sauti iwe moja, isipande na kushuka. Kuna maduka wanafanya hivi tayari na ndo huko tunakopeleka wateja wetu. Wale wa "mtumba haujaribiwi, ukitoka hapa hairudi" mi nawaambia wateja wangu wavuke barabara waulize duka la pili.

Fundi umeme wa magari,
Tabata, Dar es Salaam